Shangazi Aliyeigiza Maradhi

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu. Sikugombea nafasi hiyo wala hakuna aliyenipigia kura. Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja hapa Kibaha kwa miaka mingi, na kwa akili za ndugu zangu, mtu aliyechapa barua za wakubwa hawezi kushindwa kumchapa maiti. Basi akifa mtu, kabla hata turubai halijafungwa, simu ya kwanza inakuja kwangu: "Dada, tuandalie wasifu, ukurasa mmoja tu, usizidi."

Nimeandika mingi. Na kwa kuwa nimeshastaafu, nitasema ukweli: karibu yote ni uongo. Mjomba aliyekunywa gongo mpaka akauza mlango wa nyumba yake mwenyewe nilimwandika "alipenda sana kujumuika na watu". Shemeji ambaye hakusemeshana na jirani hata mmoja kwa sababu ya mipaka ya kiwanja nilimwandika "alikuwa mtu wa msimamo". Kuna mmoja, Mungu amrehemu, tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi hata siku moja. Nilikaa na kalamu nusu saa nzima, mwisho nikaandika "alijihusisha na shughuli mbalimbali". Msibani watu waliitikia kwa vichwa. Mkewe tu ndiye aliyefunika uso kwa kanga, na mimi siamini kwamba alikuwa analia.

Wasifu wa kwetu una mpangilio wake. Kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ubatizo kama ulikuwepo, halafu kuugua "mpaka umauti ulipomfika", halafu idadi ya watoto na wajukuu. Ukishaushika huo unaweza kumzika yeyote, hata usiyemjua. Mtu wa kwanza kunikatalia mpangilio huo alikuwa shangazi yangu, na alinikatalia akiwa hai.

Huyu shangazi alikuwa dada yake baba, kitinda mimba wao. Aliishi Kisarawe kwenye nyumba ya udongo aliyoipiga lipu upande wa barabarani tu. Nilipomuuliza kwa nini hamalizii kuta nyingine, alisema watu wanapita upande ule, huku nyuma anapita nani. Hakujaaliwa mtoto. Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alimwacha, wa pili, kwa maneno yake, "nilimwacha mimi, na hilo uliandike". Alikuwa na shamba la mihogo ambalo halikumpenda naye hakulipenda.

Mwaka mmoja kabla hajafa alinipigia simu niende, na nisiende mikono mitupu. Nikadhani anataka sukari. Nilipofika nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia mkoba wangu.

"Umekuja na karatasi?"

"Karatasi ya nini, shangazi?"

"Nimekusikia kwenye msiba wa mjomba wako yule wa mlango," alisema. "Nilikaa pale jamvini nikajiuliza, huyu tunayemzika ni nani? Sikuwahi kumwona. Sasa mimi utaniandikaje?"

Nikamsomea kwa kichwa, maana mpangilio ninao. Marehemu alizaliwa Kisarawe, alipata elimu ya msingi katika shule ya misheni, alikuwa mkulima...

"Mkulima nani? Mihogo ile inajiotea. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Kaa chini uandike."

Nilikuwa najua kwamba zamani aliwahi kuigiza. Kila mtu nyumbani alijua, kwa namna ile ambayo familia inajua jambo na halisemwi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mbele yake neno jukwaa lilitamkwa tu kama juu yake amesimama askofu. Kwa hiyo siku ile, na mimi na mvi zangu, ndiyo nilisikia habari yote kwa mara ya kwanza.

Kabla ya uhuru shangazi alikuwa ameolewa Dar es Salaam. Enzi hizo, alisema, kila mtaa ulikuwa na kikundi cha vijana waliovaa suruali za pasi kali na kufanya vichekesho kwenye kumbi siku za Jumamosi. Wanawake hawakupanda jukwaani. Nafasi za kike zilichukuliwa na fundi cherehani mmoja aliyejifunga kanga, na kanga zenyewe zilikuwa za shangazi. Alimwazima kila wiki, naye akazirudisha zinanuka jasho na poda. Jumamosi moja fundi akashikwa na matubwitubwi, shavu limevimba, hafai kuwa mke wa mtu yeyote. Vijana wakaja kuazima kanga wamvalishe mwingine. Shangazi akasema kanga zake haziendi bila yeye mwenyewe. Hawakuwa na muda wa kubishana, maana watu walishaingia ukumbini.

"Nilipotoka walinipigia makofi?" alijiuliza mwenyewe, kisha akajijibu. "Thubutu. Walizomea. Walisema huyu siyo mwanamke, mrudisheni yule wa siku zote. Fundi alikuwa mwanamke kunishinda."

Mwingine angerudi nyumbani akalia. Yeye Jumatatu alikwenda kwa fundi, akamkuta amefunga kitambaa kidevuni, akamwomba amfundishe mwendo. Wiki tatu fundi akimfundisha mwanamke wa watu namna ya kutembea kama mwanamke, namna ya kukaa kwa hasira, namna ya kushika kiuno ili mtu wa mwisho ukumbini ajue leo mume hali chakula. Mumewe akaanza kumsifu nyumbani, mke wangu siku hizi umependeza unavyotembea. Masikini hakujua kwamba anamsifu fundi cherehani. Alipojua alichukua sanduku lake akaondoka, na shangazi hakumfuata kwa sababu Jumamosi hiyo alikuwa na onyesho.

Kisha ikaja habari ya baba yangu. Aliposikia kwamba dada yake anapanda jukwaani alitoka Kisarawe na fimbo yake, akaenda mjini kumchukua. Akafika ukumbini onyesho limeanza, akalazimika kukaa kungoja. Shangazi alikuwa anaigiza mama mkwe aliyekuja kutembea siku mbili akakaa miezi sita. Baba alicheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka na fimbo ikabingirika chini ya viti, watu wakamsaidia kuitafuta. Onyesho lilipokwisha alikwenda nyuma ya pazia akamwambia dada yake kwamba amelidhalilisha jina la ukoo na akiendelea asikanyage kwake.

"Andika kwamba baba yako alicheka," alisema shangazi. "Neno kwa neno."

Kalamu ilinikwama. Wasifu wa baba niliuandika mimi, na humo niliandika kwa mkono wangu kwamba hakuwahi kuingia katika kumbi za starehe maisha yake yote. Nikaandika kwamba alicheka.

Baada ya uhuru mambo ya mama mkwe yakawa hayana maana tena. Taifa lilikuwa na maadui wake watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na vikundi vikapakiwa kwenye lori kwenda kuwaonyesha wananchi maadui hao wanafananaje. Kugawana nafasi kukazua ugomvi. Ujinga hakuna aliyeutaka, wakampa mwalimu. Umaskini ukachukuliwa na jamaa mnene kuliko wote kikundini kwa sababu ndiye aliyekuwa na kaptura iliyochanika. Shangazi akawa Maradhi. Alijipaka majivu, akavaa gunia, akapanda nyuma ya lori lililofunguliwa mbavu, akakohoa.

Nilimwomba anionyeshe. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini, amekaa juu ya kigoda, na alipokohoa nilisimama kumfuatia maji. Akanitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kikohozi kilianzia chini huko kwenye magoti, kikapanda polepole, kikafika kifuani kikageuka geuka kama mtu anayetafuta mlango gizani, halafu kikatoka. Na kilipotoka ulitamani ukanawe mikono.

Walizunguka vijiji vingi kwa lori lile. Gwata ndiko alikopata sifa yake kubwa na aibu yake kubwa siku hiyohiyo. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa amekaa mbele na viongozi. Shangazi alipokohoa mara ya tatu, dresa akasimama, akasimamisha onyesho, akapanda kwenye lori akamshika mkono. Shangazi akamwambia naigiza. Dresa akasema wagonjwa wote husema hawaumwi. Wakamlaza zahanati siku mbili, akipimwa makohozi ambayo hayakutoka. Onyesho likaendelea bila yeye, Ujinga na Umaskini wakapigwa, na kiongozi mmoja akasimama kuwapongeza wananchi kwa kuwa katika kijiji chao Maradhi hayakuonekana kabisa.

Jina likamganda. Kila alipopita watoto walikimbia, na wakubwa waliobaki walimsalimia, "Maradhi, umeamkaje?" Kwetu jina hilo lilipigwa marufuku. Baba alisema ni jina la kumwalika shetani mezani.

Yalivyokwisha hayakuwa na kishindo. Lori liliharibika, lilipotengenezwa likapewa vijana wa ngoma na sarakasi. Shangazi aliambiwa sasa mama umri umekwenda, utapelekwa kufundisha akina mama kushona. Akawaambia hajui kushona, anayejua kushona alikuwa yule fundi. Wakadhani anawatania. Akarudi Kisarawe kwenye mihogo, na tangu hapo hakuna aliyemwita mwigizaji.

Nilijaza kurasa mbili na nusu. Nikadhani tumemaliza. Akaniambia nisimame uani nisome, naye akachukua kigoda chake akaenda kukaa kule mwisho karibu na choo, amenipa mgongo.

Nikasoma. Akasema nasoma kama natangaza zamu ya maji. Nikarudia. Akasema hiyo sauti nimeiweka wapi, nimeiacha benki? Mara ya tatu nilikuwa na hasira, nikasoma kwa nguvu hasa, mpaka jirani yake, mama mmoja anayeuza maandazi, akaja mbio amejifunga kanga kiunoni akauliza nani amefariki.

"Mimi," alisema shangazi. "Kaa usikilize."

Mama maandazi alikaa, akasikiliza, akacheka pale penye dresa mpaka akajishika mbavu. Shangazi hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole pale anapocheka mwenzake.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye lipu. Akanishika mkono, na mara hii hakuwa na mzaha. Alisema hana mtoto. Hana picha hata moja, mume wa kwanza alizichana na nyingine zililowa mvua. Waliokuwa naye kwenye lori wamekufa wote. "Kilichobaki ni hicho ulichotia kwenye mkoba. Utakisoma chote?"

"Nitakisoma chote, shangazi."

"Na kaka yako akikataa?"

"Kaka siyo mwandishi."

Akaridhika. Mimi pia niliridhika, nilijiona mtu wa maana sana njia nzima.

Sasa huyo kaka. Ni kaka yetu mkubwa, mstaafu kama mimi ila yeye amestaafu na kiti cha kuzunguka, amekipeleka sebuleni kwake na ndicho anachokalia akiangalia taarifa ya habari. Anaishi Kibaha, ndani kidogo kutoka kituo cha Kwa Mathias. Ni mzee wa kanisa kama baba, na baba alipofariki alirithi pia kazi ya kuona aibu kwa niaba ya ukoo. Mimi naishi kwenye nyumba yake ya uani. Mume wangu alipofariki ndugu zake waligawana nyumba yetu, na kaka alinipa vyumba viwili bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Hilo ni jema lake na silifichi.

Shangazi alikufa asubuhi moja akiwa amekaa barazani, na kikao cha msiba kikaitishwa kwa kaka. Kaka hawezi kuzika bila ajenda. Tulifungua kwa sala, tukathibitisha wajumbe waliohudhuria, tukapita kwenye jeneza, usafiri na chakula, halafu akasema "wasifu" akanyoosha mkono. Nikampa kurasa zangu mbili na nusu. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Mtu amestaafu miaka kumi, bado anatembea na kalamu nyekundu.

Lazima niseme kwamba wiki chache kabla ya hapo binti yake alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa watu wa Kilimanjaro waliojenga hapa Kibaha, wapole, wenye geti na mbwa, na walikuwa wameahidi kuja mazikoni. Kaka alikuwa anawawaza wao kuliko marehemu.

"Hii habari ya jukwaani hii," alisema.

"Ndiyo kazi aliyoifanya."

"Kazi ni ile yenye barua ya ajira." Kalamu ikapita. "Na huku fundi cherehani aliyevaa kanga, mbele ya mchungaji? Na huku eti baba alicheka. Nani alimwona?"

"Yeye alimwona. Alikuwa jukwaani, anatazamana naye."

Kalamu ikapita tena, mara mbili, maneno yakazama kwenye wino. Pembeni akaandika mwenyewe: mkulima hodari wa mihogo na mpenda maendeleo. Akanieleza kwamba "mpenda maendeleo" ameliweka kwa heshima ya zile kampeni, kwa hiyo nisione kama amefuta kila kitu.

Nikasema nilimwahidi. Nilisema mbele ya wajumbe wote, na sauti yangu ilikuwa nzuri tu. Kaka hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Ulimwahidi marehemu. Hao wengine ndio tunaobaki nao." Kisha, bila kubadilisha sauti, akaniuliza kama fundi alishakuja kuangalia bati la nyumba yangu linalovuja. Nikasema bado. Akasema atamwita, nisiwe na wasiwasi, pale ni kwangu.

Nakumbuka wajumbe waliangalia chini kwenye vikombe vyao vya chai, na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba ajenda ya wasifu imepitishwa.

Siku iliyofuata nilikwenda duka la steshenari pale Kwa Mathias nikachapisha zote mbili. Ule wa kaka ulitosha nusu ukurasa. Ule wa shangazi niliukunja mara nne nikautia kwenye mkoba, chini ya leso. Nilijiambia nitaamua nikishasimama. Ni uongo mtamu sana huo wa kusema utaamua ukishasimama. Ulinilaza usingizi mzuri.

Kisarawe tulikuta turubai limefungwa na viti vya plastiki vimepangwa, vya mbele vimefunikwa vitambaa vyeupe kwa ajili ya wakwe. Mshereheshaji alikuwa na ratiba iliyochapwa na dakika zake pembeni. Ibada ikaenda. Nikaitwa kusoma wasifu, dakika tano. Nikasimama, nikavaa miwani, nikafungua mkoba, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye karatasi ya juu.

Nilisoma kwa dakika mbili. Niliposema "alikuwa mkulima hodari wa mihogo" kulitokea mnong'ono kule jamvini kwa akina mama. Mama maandazi alikuwa amekaa mstari wa pili. Hakununa wala hakutikisa kichwa. Alinitazama tu kwa mshangao, kama mtu anayengoja umalize kukohoa ndipo useme ulichokuja kusema. Nikafika kwenye umauti, nikakunja karatasi, nikakaa. Kaka aliniitikia kwa kichwa kutoka mbele. Nilijichukia, lakini kwa utulivu, nikijua kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha, maana bado kulikuwa na watani. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya jambo ambalo mwingine angepigwa akilifanya. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anawasema wafiwa mbele ya wageni wao, na anaweza kulala mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Na ni mwiko kumkasirikia. Siku hizi watu wengi wameacha, na kaka alishamwambia mshereheshaji kwamba kwenye ratiba hakuna kipengele hicho.

Mtani hakuwa na nakala ya ratiba. Alikuwa bibi wa Kinyamwezi kutoka Magindu, mwembamba, baba yake alikuja huku zamani kukata mkonge. Vijana walipoingia ndani kubeba jeneza, tulisikia kikohozi kutoka chumbani.

Nilikijua. Kilianzia chini, kikapanda, kikatafuta mlango. Wazee wote pale nje walinyanyua vichwa kwa pamoja. Bibi akatokea mlangoni amevaa gauni la shangazi, majivu usoni, akashuka ngazi akiwakoholea watu wa mbele mmoja baada ya mwingine, na mzee mmoja wa Kisarawe akasema kwa sauti, "Maradhi huyo."

Basi hapo msiba ukageuka. Bibi alisema alikuwa mtoto Magindu lori lilipofika, na Maradhi aliposhuka alikimbilia porini mpaka baba yake akamfuata kwa kumwita. Alikuwa hajasahau kitu. Alimwigiza Maradhi akiingia nyumba isiyo na choo, anakaribishwa, anapewa kiti. Maradhi anaona ndoo ya maji yaliyochemshwa, anarudi kinyumenyume. Watu walicheka mpaka mchungaji akageuza uso. Mkwe wa kike wa kaka alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cheupe cha kiti. Nilimsikia akimwuliza kaka, "Kumbe marehemu alikuwa msanii? Mbona hamkutuambia?" Kaka akasema alikuwa na vipaji vingi.

Wakati bado nafurahia jibu hilo, bibi akanijia. Akanivua miwani akaivaa yeye. Akamnyang'anya mshereheshaji ratiba, akainyoosha mbele ya pua, akasimama nilivyosimama, bega moja chini, akasoma nilivyosoma. "Alikuwa. Mkulima. Hodari." Kila neno lilitoka dogo na safi, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa ni mimi kabisa. Kule jamvini walianguka kwa kucheka, na mimi nikacheka pia kwa kuwa mtani hakasirikiwi, ingawa masikio yaliniwaka.

Nikatoa noti nimpe aniachie. Akaisukuma.

"Hiyo weka," alisema. "Nataka ile nyingine. Jirani yake ameniambia iko ndefu, na aliisikia uani hapa hapa. Isome, nimwachie njia."

Akajilaza chali kwenye kizingiti. Jeneza lilikuwa nyuma yake, mabegani mwa vijana sita, na halikuweza kutoka. Watu wote wakanigeukia: mama maandazi, mchungaji, wakwe na kitambaa chao, wazee ambao walikuwa wamemwita kwa jina lake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anazuia. Hata kaka, nitamtendea haki, alikuwa anaangalia tu viatu vyake. Kama ningefungua mdomo ningesikilizwa mpaka neno la mwisho. Mkoba ulikuwa kwapani na nilikuwa naihisi ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nimeisahau Kibaha," nikasema.

Bibi alinitazama kutoka pale chini, akautazama mkoba, akanitazama tena. Kisha akainuka polepole, akajikung'uta vumbi kwenye gauni la shangazi, akanivalisha miwani yangu kwa mikono yake miwili.

"Kumbe yupo mwingine anayejua kuigiza," alisema, na wala hakusema kwa utani.

Akasogea pembeni. Vijana wakapita na jeneza, nami nikafuata nyuma nimebana mkoba.